Dogo wa Tabata, hizo muvingihedi ziache kwanza

"Shikamoo kaka. Mimi ni DJ, ndiyo naanza, niko Tabata. Nina spika mbili, mikisa na kompyuta. Mpaka sasa nimepiga sherehe saba: birthday nne, ubarikio mmoja na kitchen party mbili. Muziki wanausifia ila wanasema hakuna amshaamsha. Nina laki nane. Kuna muuzaji Kariakoo ananipa muvingihedi mbili zilizotumika pamoja na leza moja kwa hela yote hiyo. Rafiki yangu mmoja anasema chukua, mwingine anasema nunua PAR na mashine ya moshi. Jumamosi ijayo nina birthday Segerea, uwanja wa nyumba, chini ya turubai. Nianze na nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu una laki nane, siyo milioni nane. Ukikosea mara moja utakaa mwaka mzima unalipia kosa.

Kwa kifupi: muvingihedi, hizo taa zenye kichwa kinachozunguka, ziache; leza usiiguse kabisa. Nunua taa nne za PAR za LED, zile za duara za kumulika rangi, stendi mbili na kontrola ndogo ya kuziendesha. Moshi utakuja baadaye. Lakini kuna kifaa kingine ambacho hakiuzwi Kariakoo, na ndicho kinachoamua kama taa zako zitaonekana au la. Ni swichi ya ukumbi.

Mimi miaka yangu ya mwanzo nilifanya hicho hicho unachotaka kufanya. Nilinunua muvingihedi mbili za mtumba, nikazipakia kwenye kirikuu mpaka kwenye send-off, nikazipandisha juu ya meza zilizofunikwa vitambaa vyeupe. Ukumbi ulikuwa na tyubu dari nzima, mle ndani kunawaka kama duka la dawa. Nikamwomba msimamizi azime, akagoma: wazee hawaoni sahani zao. Basi vichwa vyangu vikazunguka usiku kucha na hakuna aliyeona vinachotoa. Mwisho mama mmoja wa upande wa bibi harusi akanifuata taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, hizo feni zako mbona hazipulizi?"

Nikacheka naye. Nyumbani sikucheka.

Jicho hujizoesha na mwanga linaoukuta. Tyubu zikiwaka, mboni inajibana, na taa yako ya rangi hata iwe ya bei gani inakuwa kama tone la rangi kwenye ndoo ya maji. Zima tyubu, subiri dakika chache watu wazoee, utashangaa taa ile ile imekuwa kubwa. Ndiyo maana nikienda kukagua ukumbi siku mbili kabla, siulizi kwanza soketi ziko wapi. Nauliza swichi ziko wapi na kila moja inazima mstari gani. Kumbi zetu nyingi taa zimefungwa kwa mistari, kwa hiyo unaweza kukubaliana na msimamizi na MC: mstari wa juu ya chakula na wa mlangoni ubaki, mstari wa juu ya sehemu ya kucheza uzimwe pale MC anapofungua muziki. Msimamizi akiambiwa mapema mara nyingi hakatai. Anakataa akikurupushwa saa tatu usiku mbele ya kamati.

Na mchana usijisumbue. Jua la Dar huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima. Kitchen party inayoanza saa 10 alasiri uani, taa zako zitakuwa mapambo tu mpaka keki ikatwe. Usimtoze mtu hela ya taa kwa sherehe ya namna hiyo, atakukumbuka vibaya.

Sasa tuje kwenye PAR. Jina linatokana na kiakisi chenye umbo la bakuli kilichopakwa alumini, kilichokuwa nyuma ya balbu za zamani. Zile maarufu za jukwaani zinaitwa PAR 64, na hiyo 64 ni kipenyo kwa hesabu ya sehemu za nane za inchi. Gawa kwa 8 upate inchi 8. Balbu moja ilikuwa inakula wati 1000, na rangi uliipata kwa kubandika karatasi ya plastiki mbele. Nne tu zilikuwa zinavuta zaidi ya ampia 17 kwenye umeme wetu wa volti 230, wakati plagi yetu ya miguu mitatu fyuzi yake ni ampia 13. Kizazi chako mna bahati. Nne za LED zote kwa pamoja hazifiki hata ampia 3, haziunguzi ngozi ya mtu aliyesimama karibu, na rangi unabadilisha kwa kidole.

Zile utakazoonyeshwa zaidi zimeandikwa 54 × 3, maana yake punje 54 za LED, kila moja wati 3. Usiniletee hesabu ya wati 162 kwa sababu ya maandishi ya boksi. Geuza taa, soma lebo ya nyuma, mara nyingi utakuta inakula pungufu ya hapo. Kinachonihusu mimi zaidi ni punje zenyewe zimepangwaje. Kwenye taa za bei ya chini nyekundu ziko peke yake, kijani peke yake, bluu peke yake, zimetawanyika usoni mwa taa. Ukichanganya upate nyeupe, ukutani inaonekana nyeupe, lakini mtu akisimama mbele yake kivuli chake kinakuwa na kingo tatu: pembeni pinki, pembeni kijani, pembeni zambarau. Kwenye sehemu ya kucheza hakuna anayejali. Kwenye picha ya bibi harusi na mama yake, mpiga picha atakuchukia. Zipo ambazo kila punje ina rangi nne ndani yake, nyekundu, kijani, bluu na nyeupe, rangi zinachanganyika kabla hazijatoka. Ningekuwa na hela yako ningechukua nne za aina hii hata kama ni ndogo, nikaacha sita za punje tofauti.

Dukani usiridhike kwa sababu imewaka. Omba iwashwe nyekundu peke yake, kwa kiwango cha chini kabisa, ndipo utaona punje moja moja na zilizokufa zitajitokeza. Fanya hivyo kwa kijani, bluu na nyeupe. Halafu iache kwenye nyeupe ya juu kabisa, mwombe muuzaji kiti, mpige soga dakika 20. Feni ikianza kukwaruza kama panya kwenye dari, rudisha. Ikinuka plastiki, rudisha. Mwisho toa simu, rekodi video ukimulika ukuta: ukiona mistari myeusi inatembea kwenye skrini, taa hiyo inawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kamera inaona. Siku hizi kila mgeni ana kamera mkononi, na sherehe yako itaishi kwenye simu zao muda mrefu kuliko itakavyoishi vichwani mwao.

Stendi chukua zenye miguu mipana na mkono wa kuning'iniza taa mbili, ipande mita 2 na nusu au zaidi, na kila mguu uwe na mfuko wa mchanga. Watoto wanakimbia.

Ukishapata taa, kosa la DJ wengi ni kujimulika wao. Taa zote zinatazama meza ya DJ, yeye anang'aa kama sanamu, waliokuja kucheza wako gizani. Mtu hachezi kwa sababu amekuona wewe. Anacheza kwa sababu amewaona wenzake wanacheza na anajua yeye pia anaonekana kidogo, lakini siyo sana. Hiyo "siyo sana" ndiyo kazi yako. Stendi moja kila upande wa sehemu ya kucheza, taa zimulike kwa mshazari kutoka juu zikikutana katikati, ili kila uso upate rangi mbili, moja kushoto moja kulia. Weka kulia rangi ya machungwa na kushoto pinki, simama katikati, mwangalie rafiki yako usoni. Kisha zote mbili zielekeze kutoka mbele tu. Utaona uso umekuwa bapa kama picha ya kitambulisho.

Umbali nao una hesabu yake. Taa ikiwa mita 2 kutoka kwa mtu, ukiihamisha iwe mita 4, mwanga unaomfikia haupungui nusu, unabaki robo. Kwa hiyo taa nne ndogo zilizo karibu zinashinda taa mbili kubwa ulizozificha kona ya ukumbi kwa sababu huko ndiko kuna soketi. Nunua kebo ndefu, usihamishe taa kufuata soketi.

Kwa sherehe za uani, kifaa bora ulichonacho kiko juu ya vichwa vya watu. Turubai jeupe ni dari ya bure. Elekeza taa mbili juu kwenye turubai, na rangi itarudi chini laini, inawafunika watu wote bila kumchoma mtu machoni. Nimewahi kumulika sherehe ya watu zaidi ya mia kwa taa nne tu kwa njia hii. Ila angalia rangi ya turubai yenyewe. Lile la bluu linakula nyekundu. Ukilimulikia nyekundu utapata kitu kama chai iliyolala. Kwenye turubai la bluu shusha taa zote ziwamulike watu, au lifuate kwa bluu na zambarau basi.

Rangi nitazizungumzia zaidi kidogo, kwa sababu hapa ndipo DJ wanapogombana na kamati. Ngozi zetu zinapendeza kwenye rangi za joto: machungwa, pinki, nyeupe yenye unjano. Bluu na kijani ni nzuri ukutani, kwenye turubai, kwenye moshi. Usoni bluu tupu inamfanya mtu apotee, na kijani inamfanya aonekane anaumwa. Meza kuu usiipige kijani hata kama ndiyo rangi ya sare.

Halafu kuna rangi zisizowezekana. Mwenyekiti wa kamati mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa, "Fundi, sisi taa zetu tunataka damu ya mzee." Nikamwambia mama, damu ya mzee ni nyekundu yenye giza ndani yake, na taa haiwezi kutoa giza. Kahawia haiwezekani, damu ya mzee haiwezekani, nyeusi ndiyo usiseme. Hakunielewa mpaka nilipomulika kitambaa chao chenyewe: nyekundu kwa kiwango cha chini na tone la machungwa, na kitambaa kikatoa damu ya mzee yake chenyewe. Tangu siku ile naomba kipande cha kitambaa cha sare kabla ya kuahidi rangi. Na wewe omba.

Taa za zambarau za kung'arisha nguo, zile zinazofanya shati jeupe liwake gizani, zinafanya kazi kwa sababu sabuni nyingi za unga zina viangaza vinavyobaki kwenye nyuzi. Zinachekesha kwa birthday ya vijana. Kwa harusi zinaonyesha kila uzi na kila vumbi kwenye suti nyeusi ya bwana harusi. Siyo za kuanzia.

Tuje kwenye kuziendesha. PAR nyingi za LED zina kipaza sauti kidogo ndani, unaiweka taa kwenye modi ya sauti, besi ikipiga inabadilisha rangi. Kwa amapiano, ambayo inatembea kwenye mapigo kama 112 kwa dakika, inakubalika. Kwa singeli inakuwa vurugu. Fanya hesabu: singeli ya mapigo 240 kwa dakika ni mapigo 4 kila sekunde. Taa ikiwaka na kuzima kwa kila pigo, imeshaingia kwenye eneo la hatari, maana mimweko kati ya 3 na 30 kwa sekunde ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuamsha kifafa kwa wale wenye macho yanayoathirika na mwanga. Waingereza kwenye miongozo yao ya disko walizoea kushauri isizidi 4. Mimi singeli naiendesha kinyume na wanavyotarajia: taa zote zinabaki rangi moja ya moto, nyekundu au machungwa, zinatulia. Mwili wa mchezaji ndio unaokwenda kasi. Strobo, yaani taa kuwaka na kuzima haraka haraka, natoa sekunde 3 au 4 tu pale muziki unaporudi baada ya kukatwa, kisha natulia tena. PAR zako zina strobo ndani yake, usinunue ya peke yake.

Kwa kuanza, ziunganishe taa zote nne kwa kebo, ya kwanza iwe kiongozi, nyingine tatu zimfuate. Zitabadilika pamoja na tayari utaonekana fundi. Ukishazizoea mwezi mmoja, ingia kwenye kontrola. Lugha yake inaitwa DMX512, ilibuniwa Marekani mwaka 1986, na 512 ni idadi ya chaneli, yaani njia za amri, kwenye kebo moja. Kontrola ndogo ya kawaida utakayoipata ina chaneli 192: vitufe 12 vya taa, kila kimoja chaneli 16. Hapa ndipo wageni wote wanakwama, nami nilipoteza usiku mzima. Ukisoma kitabu cha taa utaona inatumia chaneli 8, ukafikiri anwani ya taa ya kwanza, yaani namba ya chaneli inapoanzia, iwe d001, ya pili d009, ya tatu d017. Kwa hesabu ya kebo ni sawa. Kwa kontrola hii siyo, kwa sababu kitufe cha pili kinaanzia 17 hata kama taa yako ni ndogo. Ziandike 1, 17, 33, 49, na kila kitufe kitashika taa yake. Bandika tepu nyeupe mgongoni kwa kila taa, andika namba yake kwa kalamu nene. Gizani saa tano usiku hukumbuki chochote.

Kebo za DMX zinafanana na za maikrofoni, na kwa umbali mfupi ya maikrofoni itakubali. Mwendo ukirefuka taa zitaanza kuchezacheza zenyewe kama zimepagawa. Kabla hujamlaumu muuzaji, chomeka mwisho wa mnyororo plagi yenye kizuizi cha omu 120 kati ya mguu wa 2 na wa 3. Fundi redio yeyote atakutengenezea ukimsubiri.

Moshi sasa. Rafiki yako wa pili hajakosea, amewahi tu. Mwale wa taa hauonekani hewani mpaka ukutane na kitu, na moshi ndicho hicho kitu. Mashine inapasha moto kimiminika cha maji na glaikoli, ndiyo maana inahitaji dakika kadhaa kabla ya kupuliza, na ndiyo maana inakula umeme kuliko taa zako zote: ndogo ya wati 900 ni karibu ampia 4 kila inapopasha. Usijitengenezee kimiminika nyumbani, kinaingia kwenye mapafu ya watu. Pulizia sekunde 2 au 3, acha dakika kadhaa, pulizia tena. Mbali na chakula, mbali na wazee, na uliza kama kuna mwenye pumu. Mahotelini uliza kama dari ina vitambuzi vya moshi, usije ukawa wewe uliyewatoa wageni nje na nguo zao za harusi.

Na nje, upepo. Ufukweni Kigamboni au Msasani moshi wako unaondoka kabla hujageuka. Uani kwenye nyumba zilizobanana unakaa, lakini ujue upepo unatoka wapi. Kaskazi unavuma kuanzia Desemba mpaka Machi, kusi unashika kuanzia Aprili mpaka karibu Oktoba, ukitokea upande wa kusini. Weka mashine upande upepo unakotoka, siyo nyuma ya meza yako kwa sababu ndiyo mazoea.

Hapo ndipo utaona kwa nini nimezikataa zile muvingihedi. Mwale wake mwembamba bila moshi ni doa tu linalokimbia darini. Zile kubwa za zamani zina balbu ya gesi, na balbu ya gesi ikizimika ghafla haiwaki mpaka ipoe. Umeme ukikatika, jenereta ikawashwa ndani ya dakika moja, muziki umerudi, PAR zimerudi, yeye bado kiza anapumzika. Pia balbu hiyo ina umri wake wa saa. Kwenye menyu kuna hesabu ya saa ilizowaka, mwambie muuzaji akuonyeshe, uangalie uso wake. Siku ukifika kwenye kumbi za watu mia tano na una msaidizi wa taa, tutazungumza, na tutazungumza za LED.

Leza sina mjadala. Yenye nguvu ya zaidi ya miliwati 5 inaweza kuumiza jicho moja kwa moja, na zile za "onyesho" ziko mbali juu ya hapo, lebo zake mara nyingi haziaminiki. Inaunguza hata kamera ya mpiga video, mstari unabaki kwenye kila picha atakayopiga baada ya hapo. Na Segerea haiko mbali na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Leza inayotoroka juu ya ukuta wa uani inaweza kumfikia rubani anayeshuka. Hapana.

Ukibakiwa na hela kidogo baada ya PAR, nunua mpira wa vioo wenye mota na taa moja nyembamba ya kuupiga. Ni kitu cha zamani, kinaning'inia, hakina programu. MC akisema wazee waingie, ukaweka zilipendwa, ukazima vyote ukaacha mpira peke yake na vidoa vyake vikitembea taratibu kwenye turubai, utaona baba wa watu kaweka soda chini kasimama. Kwa hela ile hakuna taa nyingine inayofanya hivyo.

Umeme haraka haraka: taa na moshi soketi moja, muziki soketi nyingine. Kebo ya gurudumu ifungue yote, ikiwa imejikunja inachemka. Spika zikianza kunguruma baada ya kuwasha taa, hamisha plagi, badili njia ya kebo, lakini usivunje mguu wa ardhi wa plagi kama wanavyofanya wengine. Jenereta iliyoandikwa 2.5 kVA ihesabie kilowati 2, na usiishibishe. Mvua za masika na za vuli zisikukute: taa nyingi za bei hii siyo za maji, zifunike na mfuko wa plastiki juu tu, nyuma iachwe wazi ipumue.

Sasa Jumamosi yako. Usinunue kitu wiki hii. Kodi PAR nne na stendi mbili, kwa mtu yeyote mwenye nazo Tabata, ujifunze kwa hela ndogo. Nenda Segerea Ijumaa saa 2 usiku, siyo mchana, ukaone taa ya ulinzi ya jirani inaangukia wapi na fundi wa turubai ataning'iniza balbu yake wapi. Mwambie aiweke juu ya chakula. Taa mbili zielekeze juu kwenye turubai, zambarau. Mbili zivuke sehemu ya kucheza kutoka kushoto na kulia, machungwa na pinki. Keki ikija, zile mbili za chini zigeuze nyeupe yenye unjano, zitulie, usiguse kitu mpaka mpiga picha akuinulie kidole. Na hiyo taa ya ulinzi, mwambie mwenye sherehe ampelekee jirani kadi ya mwaliko mapema.